Muulize Bibi Mwalimu: "Wanafunzi wangu hawajui Kiswahili, nami nimekatazwa Kimaa"

BARUA

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 27, kwetu Rufiji. Nyumbani tumelelewa kwa Kiswahili. Kindengereko nakisikia kwa wazee tu, tena wakiwa wanateta mambo wasiyotaka tuyajue. Ajira ilipotoka nilipangiwa huku umaasaini, mkoani Manyara, na siku niliyoripoti nikakabidhiwa darasa la kwanza. Niliambiwa mwalimu mgeni huanzia huko.

Darasa lina watoto sabini na kitu. Waliopitia awali ni wa kuhesabika. Maboma yako mbali, njiani kuna wanyama, kwa hiyo mzazi anasubiri mtoto akomae miguu kwanza. Wengi wanaanza na miaka minane, wengine tisa. Wanapoingia hawana Kiswahili hata cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na wiki ya kwanza niliyaona matokeo yake sakafuni.

Siku moja nilichora ubaoni mama na sufuria, nikauliza, "Asha anapika nini?" Darasa zima likaitika kwa nguvu: "Asha anapika nini!" Nikasema, "Hapana, nawauliza ninyi." Wakaitika: "Hapana, nawauliza ninyi!" Nilicheka, halafu nikatoka nje kidogo maana machozi yalikuwa karibu.

Cha kushangaza ni kwamba wanasoma. Kufika mwezi wa tano nina mtoto anayesoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti nzuri, na nukta anazizingatia. Nikifunika kitabu nikamuuliza nani kaenda sokoni, ananitazama tu.

Basi nikamwomba msichana mmoja wa darasa la sita awe anakuja kunisaidia kutafsiri. Bibi, darasa lilibadilika. Tulifanya hesabu ya kutoa, yeye akaieleza kwa Kimaa, lugha yao Wamaasai, na kwa mara ya kwanza nikawasikia wanabishana: huyu anasema saba, yule anasema sita, mwingine anasimama kuonyesha kwa vidole. Nilikuwa sielewi wanachosema, lakini nilijua wanasema hesabu.

Mwalimu mkuu alipopita akasikia, akaniita ofisini. Alisema hii ni shule ya Serikali si boma, lugha ya kufundishia ni Kiswahili, upimaji wa darasa la pili hautaletwa kwa Kimaa, na mimi nawadekeza. Hapa shuleni kuna kibao cha mbao chenye kamba kilichoandikwa NIMEONGEA KILUGHA. Anayekutwa anakivaa shingoni mpaka amnase mwenzake ampe. Atakayekuwa nacho jioni anachapwa. Sasa kimeshuka hadi darasa la kwanza, na wangu wamepata dawa yake: hawaongei kabisa.

Nilidhani wazazi wataniunga mkono. Kwenye mkutano baba mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, Kimaa mtoto ananyonya kwa mama yake. Mimi nimeuza mbuzi nimenunua sare na madaftari ili ajue Kiswahili, asije akadhulumiwa kama mimi." Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akanitazama.

Wathibiti ubora wa shule wanakuja mwezi ujao. Niache Kimaa? Au nawaharibia watoto kweli? Na nisikufiche, maombi ya uhamisho nimeshaanza kuyajaza kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, bado kubonyeza tu.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza,
Manyara

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nikupe jibu kwanza, sababu zitafuata, maana wageni wako njiani. Kimaa usikiache. Ila yule binti wa darasa la sita mrudishe darasani kwake kesho asubuhi. Mwakani ana mtihani wa taifa, na kila kipindi anachokaa kwako anakosa cha kwake. Watoto wa kike wa huko tayari wana mambo mengi yanayowatoa shuleni. Sisi walimu tusiwe mojawapo. Msaidizi atapatikana, nitakuambia wapi.

Sasa sababu. Nchi hii tumekuwa tukigombana kuhusu Kiingereza cha sekondari tangu sijastaafu, tangu hujazaliwa. Tume ya elimu ya Makwetta mwaka 1982 ilipendekeza kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia Januari 1985, Serikali ikakataa. Mwaka 1984 wakaja wataalamu wa Kiingereza, Criper na Dodd, wakakuta kiwango cha lugha hiyo katika sekondari zetu kiko chini mno kiasi kwamba masomo mengine kwa sehemu kubwa hayafundishiki. Juu ya hayo wakashauri Kiingereza kiendelee. Kina Profesa Martha Qorro pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameandika miaka na miaka kwamba mwanafunzi asiyeielewa lugha ya mwalimu anakariri, ananyamaza, ananakili ubao bila kujua alichonakili. Walimu wengi tunaitika: kweli kabisa, Kiingereza kinawaua watoto.

Haya, chukua maneno hayohayo. Pale palipoandikwa Kiingereza weka Kiswahili, na pale palipoandikwa kidato cha kwanza weka darasa la kwanza. Umepata darasa lako. Mtoto anayesoma ukurasa kwa sauti nzuri asijue nani kaenda sokoni ndiye yuleyule wa kidato cha kwanza anayeandika notisi za bailojia kwa mwandiko mzuri. Tofauti ni kwamba wa sekondari ana watetezi wengi, kwa sababu sisi sote tumepita pale. Wa boma hana, kwa sababu lugha inayomnyamazisha ni yetu, tunaipenda, na hatupendi kusikia ikisemwa vibaya. Mimi mwenyewe Kiswahili nakipenda, nimekula mkate wake miaka yote. Tangu 1967 kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi kimemkalisha mtoto wa Mwanza na wa Mtwara dawati moja. Lakini kumpenda mtu si kumwachia apite juu ya watoto.

Kuna jambo mwalimu mkuu wako huenda halioni kwa sababu ya alikotoka. Mtoto wa Kisukuma akisikia "mbili, tatu, nne, tano" anasikia ndugu zake: kwao ni ibili, idatu, ine, itano. Hajafundishwa lakini nusu ya kazi imeshafanyika. Mtoto wa Kimaasai kwao ni are, uni, onguan, imiet. Hakuna kamba ya kushikia. Kimaa si lugha ya Kibantu. Hakipangi majina kwa ngeli zetu, na maneno yetu mengi hayafanani na ya kwake hata kwa bahati. Ndiyo maana mwalimu aliyefundisha Usukumani akafanikiwa kwa Kiswahili kitupu anakuja umaasaini anasema watoto ni wazito. Si wazito. Wameanzia mbali zaidi.

Na angalia makosa yao ya kuandika kabla hujayachora msalaba. Kimaa hakina sauti ya f, wala v, wala z. Mtoto akikuandikia "pimbo" badala ya fimbo, au "sawadi" badala ya zawadi, ameandika alichosikia kwa masikio aliyonayo, na kufanya hivyo kwa herufi alizofundishwa juzi ni kazi nzuri. Mwonyeshe meno ya juu yanavyogusa mdomo wa chini kutoa f, mpe kioo kidogo kama kipo, wacheze nayo. Wataipata. Mwalimu asiyejua hili anamchapa mtoto kwa ulimi wake.

Tuje kwenye namna ya kutumia Kimaa, maana hapa ndipo wengi wenye nia njema wanapokosea. Usitafsiri sentensi kwa sentensi. Ukisema kimoja kwa Kiswahili, msaidizi akakirudia papo hapo kwa Kimaa, watoto ni werevu: watakuacha useme, wasubiri cha kwao. Mwisho wa mwaka watakuwa wamesikia Kiswahili kingi na hawakukisikiliza hata kidogo. Zitenganishe. Hadithi isimuliwe kwanza yote kwa Kimaa, waicheke, waijadili, waulizane. Kesho yake isimulie wewe kwa Kiswahili, hadithi ileile, kwa picha na vitendo, msaidizi akiwa amekaa kimya. Sasa wanajua kinachotokea, kazi yao imebaki moja tu, kukamata maneno. Siku ya tatu ndipo kitabu kifunguliwe. Wewe sasa hivi unawapa mambo matatu kwa mpigo: lugha mpya, hadithi mpya na herufi mpya. Hata mtu mzima angekwama.

La pili, uliza kwa Kiswahili, mruhusu ajibu kwa Kimaa. Hilo linawashtua walimu wengi, lakini ndilo litakalokuonyesha ukweli. Anayejibu kwa Kimaa jibu sahihi ameelewa Kiswahili chako, bado hajaweza kukisema. Asiyejibu kwa lugha yoyote hajaelewa. Hao ni watoto wawili tofauti na wanahitaji msaada tofauti, lakini wakikatazwa Kimaa wote wanafanana: wamenyamaza. Na ule mtindo wa kukurudishia swali kama mwangwi utakwisha wenyewe, kwa sababu wanaurudia wakidhani ndilo zoezi.

Kwenye hesabu umeshaona mwenyewe. Wamaasai wana ishara za vidole za namba, kila namba na yake, na si huku kwetu kunyoosha kimoja kimoja. Mwambie msaidizi akufundishe zote mpaka kumi. Ukisimama mbele ukasema "sita" huku mkono wako unaonyesha sita yao, hakuna aliyetafsiri chochote na wote wameelewa. Angalizo dogo: kabla hujatunga maswali ya "Lemayian ana ng'ombe wangapi", muulize mzee mmoja. Wafugaji wengi hawapendi mifugo ihesabiwe kwa kutajwa idadi. Wanaijua kwa rangi na sura. Tumia shanga, tumia vibuyu.

Nawe jifunze Kimaa cha darasani. Simama, kaa, njoo, sikiliza, unaumwa wapi, nani kakupiga. Huhitaji kuhubiri. Na asubuhi, kabla ya "shikamoo mwalimu" ya kuimba, waache wakusalimu kwao: mtoto anainamisha kichwa, unamgusa utosini. Halafu "shikamoo" ifuate papo hapo. Sabini na kitu ni vichwa vingi, najua, lakini ndiyo dakika pekee ya siku utakayomfikia kila mmoja. Na sentensi ya kwanza kabisa ya Kiswahili wanayopaswa kuitoa mdomoni ni "Naomba kwenda chooni." Asha na sufuria yake wangoje.

Msaidizi sasa. Uliza kama kuna shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama, kwenye kata yenu. Unakumbuka mwaka 2021 fedha za UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima. 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi, na shule za aina hiyo zipo kwa ajili ya watoto wa mbali kama wako. Mara nyingi anayefundisha huko ni kijana wa hapohapo aliyemaliza kidato cha nne, anajitolea, na Kimaa ni chake. Kama hayupo huko, yupo nyumbani hana kazi. Apitishwe na kamati ya shule, jina liandikwe kwenye muhtasari, asije kama mgeni wako binafsi. Posho ndogo wazazi wakikubali, sawa. Wasipokubali, saa moja kwa siku kabla hajaenda kwenye shughuli zake inatosha kuanza. Faida nyingine ni kwamba watoto wanamwona mtu wa kwao, anayevaa kama baba zao, anasimama mbele ya ubao.

Kuhusu mwalimu mkuu. Sitamtukana, na wewe usimtukane kwa walimu wenzako, maana maneno yatafika. Anachokisema kuhusu upimaji ni kweli. KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ya darasa la pili inapimwa kwa Kiswahili, upimaji wa darasa la nne hivyo hivyo, na jina litakalosomwa kwenye kikao cha wilaya ni lake, si lako. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, hata katika toleo lake la 2023, inasema Kiswahili kwa awali na msingi katika shule kama yenu. Kwa hiyo usiende kwake na hoja ya haki za makabila. Nenda na daftari na mtoto. Saa za kazi zikiisha, mwombe akae nawe dakika kumi. Mtoto asome. Mwalimu mkuu mwenyewe amuulize kilichosomwa. Kisha mchukue mwingine mliyemwandaa kwa Kimaa kwanza, asome hadithi aliyoisikia, aulizwe. Mwambie unaomba muhula mmoja, na mwisho wake apime yeye kwa karatasi yake, si yako. Mtu anayeogopa matokeo mzungumzishe kwa matokeo.

Kibao ni suala jingine kabisa, na hapo sina upole. Sera imetaja lugha ya kufundishia. Haijaagiza mtoto atundikwe ubao shingoni. Kanuni za adhabu ya viboko zinazungumzia makosa makubwa ya nidhamu, viboko visivyozidi vinne, idhini ya mwalimu mkuu na kuandikwa kitabuni. Sijui ni kitabu gani kitaandikwa "aliomba maji kwa lugha ya mama yake". Sera ya Utamaduni ya 1997, ya Serikali hiihii, inataka wananchi wajivunie lugha zao za jamii, ziandikwe, zitungiwe kamusi. Na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ibara ya 30, unasema mtoto wa jamii ya wachache asinyimwe haki ya kutumia lugha yake. Tuliuridhia mwaka 1991. Huna haja ya kumsomea yote haya kama hakimu. Mwombe kwanza darasa la kwanza na la pili waondolewe kwenye kibao, kwa sababu ya kitaalamu: asiyeongea hawezi kufundishwa kuongea. Akikubali hilo, utakuwa umepata mlango wa kuomba kiondolewe chote. Akikataa, mpelekee Afisa Elimu Kata, kwa mdomo kwanza.

Yule baba ndiye niliyempenda kuliko wote katika barua yako. Amesema kitu cha maana: asije akadhulumiwa kama mimi. Anajua mnadani, hospitalini na mahakamani hakuna anayemngoja mtu asiyejua Kiswahili. Hamgombani juu ya mwisho wa safari. Mgombanie njia, tena kwa adabu. Mwulize, "Baba, mtoto akikusomea karatasi ya hospitali kwa sauti nzuri, halafu hajui inasema dawa inywewe mara ngapi, yule mbuzi amekununulia nini?" Halafu mwalike darasani siku ya hadithi, aketi nyuma. Usimwite mtoto umwaibishe mbele yake. Mchague aliyeandaliwa, asome Kiswahili, kisha baba amuulize kwa Kimaa lolote analotaka. Mtoto akimjibu, maneno yako hayahitajiki tena. Kama kuna laigwanani, kiongozi wa jadi wa Kimaasai, anayeheshimika, awepo siku hiyo. Mkutano wa wazazi haushindwi kwa hotuba ya mwalimu wa miaka 27 kutoka Rufiji, nisamehe kwa kusema.

Na akikuuliza kama Kimaa hakitamchelewesha, mwambie kuna mahali walijaribu. Ile-Ife, Nigeria, kuanzia mwaka 1970, chini ya Profesa Babatunde Fafunwa, kundi moja la watoto lilifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo. Kundi jingine lilihamia Kiingereza baada ya miaka mitatu. Waliokaa na Kiyoruba walifanya vizuri zaidi, na hata kwenye Kiingereza hawakuachwa nyuma. Huku jirani, ukivuka Namanga, sera ya Kenya ni kwamba mtoto wa madarasa matatu ya kwanza afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Wamekuwa na maneno hayo tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976. Siyo kwamba wanayatekeleza kila mahali, maana wazazi wa Kenya nao wanakimbilia Kiingereza kama wenu wanavyokimbilia Kiswahili. Lakini mwalimu wa Kajiado akitumia Kimaa darasa la kwanza haitwi ofisini.

Nikiri upande mwingine ili usije ukadhani Kimaa ni malaika. Wayaaku wa Mukogodo, kule Laikipia, Kenya, walikuwa na lugha yao. Karne iliyopita walihamia Kimaa, na leo Kiyaaku kimebaki kwa wachache mno. Na hizi mbinu zangu zinafanya kazi kwako kwa sababu darasa lako ni la lugha moja. Ungekuwa bonde la Yaeda, ambako Wahadzabe, jamii ya watu elfu moja na kitu, husoma pamoja na Wairaqw na Wadatooga, ningekuambia ufikiri mara mbili. Ukimleta msaidizi wa Kiiraqw kwa sababu Wairaqw ndio wengi, yule Mhadzabe amepata lugha ngeni mbili badala ya moja. Kwa hiyo kabla ya kuanza, hakikisha kwa majina: hakuna hata mtoto mmoja hapo wa Kiarusha aliyekulia mjini, wa Kirangi, wa Kimbulu, wa mtumishi wa zahanati? Kama yupo, mpange karibu nawe na mpe Kiswahili zaidi wakati wenzake wapo kwenye Kimaa.

Wathibiti ubora wakija, usifiche. Kinachofichwa ndicho kinachoonekana kosa. Kwenye azimio la kazi na andalio la somo liandike wazi: kipindi cha dakika 30, utangulizi kwa lugha ya watoto dakika saba au nane, ujifunzaji mpya kwa Kiswahili, upimaji kwa Kiswahili. Msaidizi aandikwe kama zana inavyoandikwa, na kazi yake. Nimekaa na wathibiti wengi. Wanachukia andalio tupu kuliko wanavyochukia andalio lenye jambo jipya. Wakikuuliza, waonyeshe rekodi ya wangapi walikuwa hawajibu Januari na wangapi wanajibu sasa. Wakiandika kwenye ripoti kwamba uache, uache hadharani, ubaki na ishara za vidole, salamu, na hadithi ambayo kijana wa kijijini anawasimulia watoto nje wakati wa mapumziko, chini ya mti. Mti hauko kwenye andalio la somo.

Uhamisho ni haki yako, sitakulaumu ukibonyeza. Ila soma sababu uliyoiandika pale. Kama ni mama mgonjwa au mchumba aliye mbali, endelea. Kama ni mwalimu mkuu, huko uendako nako yuko mmoja. Ningekuwa wewe ningesubiri ripoti ya wathibiti kwanza, maana ikiwa nzuri itakufuata kwenye faili popote utakapopangiwa. Na umwandikie atakayekuja baada yako majina ya watoto na nani kafika wapi, vinginevyo ataanza upya na Asha na sufuria.

Bibi Mwalimu